Wauza DHEA mitandaoni, acheni kuiita "vitamini ya uzazi". Hii ni homoni!

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira, mtanisamehe.

Kuna hawa wauzaji wanaomshikisha kopo la DHEA kila mwanamke anayeuliza habari za kushika mimba. Picha, bei, namba ya malipo, na maneno "asili tupu, haina madhara". Uongo mtupu. DHEA ni homoni. Inatengenezwa na tezi zilizokaa juu ya figo, na ukiimeza mwili unaigeuza kuwa testosteroni (homoni ya kiume) na estrojeni (homoni ya kike). Kiasi gani kitaangukia upande upi, muuzaji hajui.

Kwenye kliniki za uzazi, daktari akiamua kumpa mwenye akiba ndogo ya mayai, dozi ya kawaida ni 25 mg mara 3 kwa siku, baada ya vipimo, na hata hapo wataalamu bado wanabishana kama inasaidia. Nyie mnampa yeyote mwenye hela. Mwenye PCOS, ule ugonjwa wa homoni unaovuruga upevushaji wa mayai, je? Wengi wao homoni za kiume ziko juu tayari, ndiyo maana ndevu zinaota na hedhi inaruka miezi. Mnamwaga petroli kwenye moto.

Halafu chunusi zikianza, jibu lenu ni "sumu zinatoka mwilini". Sumu gani? Testosteroni imepanda, tezi za mafuta kwenye ngozi zimechachamaa, basi. Zikifuatiwa na vinyweleo vya kidevuni, nywele za utosini kupungua na hedhi kuvurugika, ni mwendo ule ule. Mengi ya hayo hutulia ukiacha. Sauti ndiyo ya kuogopa: ikishakuwa nzito, inaweza isirudi.

Wanaume wanaoimeza "kurudisha ujana" nao wanaweza kuumwa na kuvimba matiti, maana sehemu yake inageuka estrojeni. Kolesteroli nzuri, HDL, inaweza kushuka, hasa kwa wanawake. Mwenye baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, inaweza kumrusha kwenye msisimko uliopitiliza. Mwenye saratani ya matiti au ya tezi dume asiiguse kabisa: wa matiti anameza dawa kama tamoxifen au anastrozole kupambana na estrojeni asubuhi, jioni anaiingiza tena kwa kopo! Mjamzito na anayenyonyesha vivyo hivyo. Na mwanariadha ajue WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, imeipiga marufuku, wakati wa mashindano na nje yake.

"Mbona Marekani iko supamaketi?" Iko, ndiyo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya kule, iliizuia kuuzwa kiholela mwaka 1985, sheria ya virutubisho ya 1994 ikaifungulia mlango, na virutubisho kule havihitaji kibali cha FDA kabla ya kuingia sokoni. Bidhaa 16 zilipopimwa na matokeo kuchapishwa mwaka 1998, kiasi halisi kilikuwa kuanzia 0 hadi 150% ya kilichoandikwa. Ni 7 tu zilizokaribia lebo. Kwa hiyo hata hiyo "50 mg" iliyoandikwa kwenye kopo ni bahati nasibu.

Wale wa kirimu ya viazi vikuu pori mnaodai ni DHEA ya asili, nanyi msijifiche. Diosgenin, kemikali iliyomo kwenye kiazi hicho, hugeuzwa DHEA kiwandani kwa kemikali. Mwili wa binadamu hauwezi kazi hiyo. Mnauza kiazi.

Anayetafuta mtoto apime kwanza: DHEA-S (aina ya DHEA inayopimwa kwenye damu), testosteroni, prolaktini (homoni ya maziwa), AMH (kipimo cha akiba ya mayai), homoni za tezi ya shingo. Na mume apimwe mbegu, jamani! Kidonge cha mke hakitibu mbegu za mume, lakini hilo muuzaji hasemi kwa sababu halina kopo la kuuza.

Aliyekwisha kuanza, nenda na kopo lenyewe kwa daktari, asome kiasi na vilivyochanganywa humo, na umtajie kila dawa unayotumia. Sauti ikianza kukwaruza bila mafua, acha leo hii hii, usisubiri kopo liishe.