Filamu ya mwisho ya Laurel na Hardy: niwawekee wazee au niache?

Binti wa Ngamiani
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Naomba mawazo. Baba yangu na wazee wenzake wa barazani hapa Ngamiani wanawapenda mno Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wa sinema za zamani, yule mwembamba wa kulialia na yule bonge wa kuchezea tai. Jumamosi baada ya Isha huwa natoa runinga uani, kahawa na kashata pembeni, nawawekea. The Music Box ya 1932 wameirudia mpaka watoto wa jirani wanajua piano itaporomoka kwenye ngazi saa ngapi.

Sasa wameomba ile ya mwisho, Atoll K. Nimeitazama kwanza peke yangu, nikaingiwa na huzuni. Stan Laurel, yule mwembamba, amekwisha. Mashavu yamebonyea, koti linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Baba naye ana kisukari na mwaka huu amepungua sana, naogopa atajiona mwenyewe pale. Niwawekee, au niseme haipatikani?

Kijana wa Chumbageni
Dada, achana nayo. Mtu akumbukwe alipokuwa na nguvu zake. Wawekee Way Out West ya 1937, pale wanapocheza ngoma mbele ya baa, wazee watafurahi na watalala vizuri. Hii ya mwisho hata midomo na sauti haviendi pamoja.

Mzee wa Makorora
Marahaba binti yangu. Wawekee, na baba usimwambie haipatikani. Mtu mzima akigundua kafichwa kitu kwa sababu ya maradhi yake, hilo ndilo litakalomuuma.

Mimi ujanani niliendesha mashine ya sinema. Picha moja naiona usiku hadi usiku kupitia kile kitundu cha chumba cha mashine, kwa hiyo nilizoea kuangalia kazi ya mtu, si kucheka tu. Filamu hii ilipangwa ipigwe kwa wiki 12 huko pwani ya kusini ya Ufaransa. Ikaanza Agosti 1950, ikaja kumalizika Aprili 1951. Stan alikuwa na kisukari tangu kabla ya filamu hii. Kule akapatwa na ugonjwa wa kuhara na tezi dume, akapasuliwa, uzito ukashuka mpaka kilo 52 hivi. Hardy moyo wake ulikuwa haupigi sawasawa, na mwili umezidi. Mwongozaji, Léo Joannon, ni Mfaransa, na waigizaji wengine ni Wafaransa na Waitaliano. Wengi walisema kwa lugha zao, Kiingereza kikabandikwa baadaye. Hizo ndizo sauti anazozilalamikia kijana wetu.

Na vichekesho vya hawa wawili vyote viko kwenye kungojana. Stan anafanya ujinga wake, Hardy ananyamaza, anatugeukia sisi watazamaji, anatutazama kwa uchungu, ndipo anasema. Utamngojaje mwenzio usiyejua sentensi yake inaishia wapi? Ndiyo maana filamu inapwaya wakiwa katikati ya watu, na inakaa sawa wakibaki wao wawili. Hapo ugonjwa wote huo haukuwaondolea kitu. Mwambie baba aangalie hilo.

Asikose pia ile sehemu ya mwanzo kwa mawakili. Stan karithi fedha, fungu liko pale, lakini kila ada na kila kodi ikitajwa noti zinaondoka, mpaka anabakiwa na mashua na kisiwa cha mbali. Barazani kwenu hapo patakuwa na kelele, nawajua wazee wetu na habari ya kodi.

Safarini dhoruba inawakuta, kisiwa kipya kinaibuka baharini. Wako na Antoine, mtu asiye na nchi ambaye kila bandari inamkataa, na Giovanni, mwashi wa Kiitaliano. Baadaye anakuja mwimbaji, Suzy Delair huyo. Wanaunda nchi isiyo na kodi, pasi za kusafiria wala sheria. Raha tupu, mpaka yanagunduliwa madini ya urani. Watu wanamiminika, na kwa kuwa sheria hakuna, wageni wanataka kuwanyonga wenyeji wao! Waliokulia kwenye kambi za mkonge, ambako manamba walitoka kila upande, wataielewa haraka kuliko mimi.

Halafu jambo kubwa. Yule aliyekonda ndiye aliyebaki. Baada ya filamu hii walirudi jukwaani Uingereza, 1952 na tena 1953. Hardy alifariki Agosti 1957. Stan aliishi hadi Februari 1965, na hakukubali kuigiza tena bila mwenzake. Baba akisikitika kwa ule mwili wa Stan, mwambie hayo palepale.

Mama wa Raskazone
Namuunga mkono mzee. Sisi Tanga tulimpoteza mchekeshaji wetu King Majuto Agosti 2018, na nyumbani kwangu kazi zake tunatazama zote, za ujana na za uzee. Hakuna anayesema hizi za mwisho zifichwe. Kwa nini hawa tuwafiche?

Fundi Simu, Barabara ya 12
Angalia jina unapopakua, ni filamu hiyohiyo: Ufaransa ilitoka 1951 kama Atoll K, Uingereza ikaitwa Robinson Crusoeland, Marekani 1954 ikaitwa Utopia. Hiyo Utopia ndiyo imejaa mtandaoni na nakala nyingi zimefifia. Urefu wa matoleo nao haulingani. Tafuta iliyosafishwa.

Binti wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Mzee, hilo la Stan kuishi zaidi sikulijua, limenipa nguvu. Nitamweleza baba kabla ya Jumamosi, aamue mwenyewe kama tunaiweka.

Mzee wa Makorora
Vizuri. Na spika isogeze karibu na viti vyao. Sauti ya filamu hiyo si nzuri, na wazee hawatakuambia kwamba hawasikii.