Kutumia tena vitu vya nyumbani na kutoka kwenye Fuliza na daftari la duka: nianze wapi?

Bi_Mtopanga

Assalam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Nyumbani tuko watano, vyumba viwili. Maji ya kisima hapa Mombasa ni ya chumvi, maji matamu twanunua kwa mtungi. Twapikia gesi ya kilo 6 na seredani ya makaa. Kila mwezi ikifika tarehe 20 hivi ni Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa) na kukopa kwa daftari la duka mpaka mwisho, na mshahara ukiingia unakatwa kabla haujaguswa.

Sitafuti ushauri wa "punguzeni matumizi" hivi hivi. Nataka kujua ni vitu gani vya nyumbani vikitumiwa tena vinaondoa gharama inayorudi kila wiki, vinatengenezwaje, na ni vipi havifai hata kidogo. Na haya madeni, lipi lilipwe kwanza? Nilivyo navyo ni vikapu viwili vya ukindu vilivyokatika mikono, blanketi na leso kuukuu, ndoo tatu za rangi za lita 20, vumbi la makaa karibu nusu gunia, na vifuu na makumbi ya nazi visivyokwisha.

Mpishi_Likoni

Waaleikum salaam, dada. Anza na kikapu, maana gesi na makaa ndiyo yanayokula pesa kila siku, na vitu vyote vya kutengenezea jiko la kikapu, yaani kikapu cha kutunza joto ili chakula kilichochemka kiendelee kuiva bila moto, unavyo tayari.

Chukua kikapu ambacho sufuria lako ukiliweka ndani linabaki na nafasi ya vidole vinne hadi vitano kila upande, na chini vilevile. Chambua makumbi upate nyuzi, zianike mpaka zikauke kabisa, uzishindilie chini na pembeni. Zikiwa chache, ongeza blanketi kuukuu lililokatwa vipande. Juu ya nyuzi tandaza nailoni ya meza iliyochoka, kazi yake ni kuzuia mvuke usiingie kwenye makumbi. Juu ya nailoni weka blanketi lililokunjwa mara mbili, ndipo sufuria likae. Usiliweke sufuria la moto juu ya nailoni yenyewe, itaganda chini. Mwisho shona mto wa leso, uujaze nyuzi zilezile, unene wake usipungue shubiri moja na uzibe mdomo wote wa kikapu. Joto jingi hutorokea juu, kwa hivyo mto mwembamba hauna faida.

Kwa mchele, vikombe viwili ambavyo kwa kawaida unaviwekea maji vikombe vinne, tia vitatu na nusu, kwa sababu ndani ya kikapu hakuna maji yanayopotea kwa mvuke. Uchemke dakika tano, funika, uingie kikapuni dakika arubaini bila kufunuliwa. Mbaazi kavu loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha dakika thelathini kwa moto mkali, kisha kikapuni saa mbili. Tui usilitie wakati huo. Mbaazi zikishaiva, rudisha motoni, ndipo utie tui zito na chumvi. Tui likikaa na joto la uvuguvugu saa nyingi huchachuka, na kwa hari yetu haichukui muda.

Maharagwe mekundu yana sharti lake. Yana sumu ya asili ambayo huvunjika kwa mchemko wa kweli tu, joto la kikapu haliiwezi. Yaliyolowekwa yachemke kwa kutokota angalau dakika kumi, na mimi ningeyapa nusu saa, kabla ya kuingia kikapuni.

Wengi hulalamika kwamba kikapu hakiivishi, na sababu huwa moja kati ya tatu: sufuria limejazwa nusu (chakula kidogo hakibebi joto la kutosha, lijaze robo tatu), kifuniko kinapumua, au kuna mtu anayefunua kuangalia. Ukitoa sufuria kwenye seredani, futa kitako chake kwa kitambaa chenye majimaji, kwani kaa dogo lililong'ang'ania chini linaweza kuwasha makumbi. Chakula kisilale kikapuni. Kila baada ya siku mbili tatu toa mto na blanketi uvianike juani, la sivyo unyevu wa hapa utaleta ukungu na harufu.

FundiMajengo

Nyongeza juu ya moto. Vumbi la makaa lisitupwe. Lipepete, toa mawe na vipande vikubwa. Mikebe mitatu ya vumbi kwa mkebe mmoja wa udongo wa mfinyanzi, maji kidogo kidogo mpaka ukifinya mkononi linashikana bila kuchuruzika. Fanya madonge ya ukubwa wa limau. Yawe mamoja kwa ukubwa, maana madogo huisha mapema na makubwa hubaki na unyevu katikati. Anika juani siku nne hadi tano, uyageuze. Mwezi wa tano mvua zikishika, yaweke juu ya bati chini ya paa na uyape hata siku kumi. Donge lenye maji ndani hupasuka motoni na kutoa moshi.

Madonge haya hayawaki haraka, kwa hivyo usiyategemee kwa chapati wala chai ya asubuhi. Washa seredani kwa vifuu, ambavyo hushika moto upesi na kuwaka kwa nguvu, weka makaa machache, kisha madonge juu. Yakikolea huenda taratibu saa nyingi, yanafaa supu, maharagwe na maji ya kuoga. Nje au penye upepo tu! Seredani inayofuka chumbani kwenye madirisha yaliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na watu hufa usingizini.

Ukimaliza kupika, makaa yaliyobaki usiyazime kwa maji. Yatoe kwa koleo uyatie kwenye sufuria kuukuu lenye kifuniko, yakose hewa. Kesho yanawaka tena. Maji yakimwagika kwenye seredani ya moto hupasua udongo wa ndani, na hapo umejitafutia gharama ya seredani mpya.

Ndoo za rangi: usizitie maji ya kunywa wala ya kupikia, hata ukizisugua vipi. Mabaki ya rangi na viyeyushi huingia kwenye plastiki yenyewe. Zitumie kwa kufulia, kupigia deki, au zitoboe chini upande mchicha. Mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia ndiyo inayofaa maji. Tia maji ya moto, sabuni na konzi ya mchele au vijiwe safi, tikisa, mwaga, suuza mara tatu. Mtungi uliowahi kutiwa dawa ya shamba au dawa ya kufulia yenye klorini hauna msamaha. Pia mpira na regileta ya gesi si vitu vya kutumia tena. Mpira ukipinda ukaonyesha nyufa, nunua mwingine, na kila ukibadilisha mtungi wa gesi paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu kuna mahali panavuja.

Angalia na mfereji wenu. Tone moja kwa sekunde ni karibu lita 20 kwa siku, yaani mtungi mzima unapotea. Mara nyingi kilichokwisha ni kale kampira ka ndani. Funga maji, fungua kichwa cha mfereji kwa spana, toa kampira ka zamani ukatumie kama kipimo, kata kengine kwenye tyubu ya gari. Kwa maji baridi kanafanya kazi vizuri hadi mtakapopata ka dukani.

Dada_wa_Kongowea

Fundi amesema vyema juu ya ndoo, lakini kuna jambo lisiachwe nyuma: vyombo vilivyorundikwa uani. Mbu wanaoeneza dengi na chikungunya huzaana kwenye maji safi ya majumbani, kwenye mitungi isiyofunikwa, makopo, tairi na vifuu vilivyojaa mvua. Mombasa tuliupata mlipuko wa chikungunya mwishoni mwa 2017 ukaingia 2018. Mayai yao hushikamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na hukaa makavu miezi bila kufa. Kumwaga maji hakutoshi, sugua kuta za ndani kwa brashi kila wiki. Vifuu vihifadhiwe kifudifudi au ndani ya gunia, mahali pasiponyeshewa. Siku tatu za homa hospitalini zinamaliza akiba yote ya makaa.

Sasa sabuni. Kwa maji ya chumvi sabuni ya mche inaisha bure, kwa sababu maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe yakabeba chokaa, na chokaa ndiyo inayonyakua sabuni na kuigeuza utando mweupe kabla haijagusa uchafu. Tia magadi kwanza, kijiko kimoja hadi viwili vya chai kwa ndoo ya lita 20, koroga, acha robo saa chokaa itulie chini, kisha mimina maji ya juu taratibu kwenye beseni la kufulia. Sabuni kidogo sana kuliko ulivyozoea itatosha kutoa povu. Magadi yasiguse sufuria za alumini, huzila na kuzigeuza nyeusi. Ukiwa na ngozi nyepesi, vaa glavu.

Vipande vya sabuni vilivyobaki vikusanye. Vikifika gramu 100 hivi, vikwaruze, mwagia lita moja ya maji matamu au ya mvua yanayochemka, koroga, acha usiku. Asubuhi ni uji mzito wa kuoshea vyombo. Ukitumia maji ya kisima utapata mabonge.

Na mvua yenyewe msiiachie mtaro. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 4 kwa 5 likipata milimita 10 ni lita 200; toa moja ya tano ya kupotea, zinabaki 160. Dakika kumi za mwanzo yaache yapite, yanasafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai, hayo ni ya deki tu.

Hesabu_Changamwe

Mimi nakuja kwenye deni, dada, kwa sababu kikapu kitaokoa shilingi hamsini na Fuliza itazichukua jioni.

Kwa viwango vilivyotangazwa 2022, Fuliza ina ada ya asilimia 1 ya kuingilia, kisha ada ya kila siku kulingana na deni lililobaki: shilingi 3 kwa deni la 101 hadi 500, shilingi 6 kwa 501 hadi 1,000, halafu inaruka mpaka 18 kwa 1,001 hadi 1,500. Tazama mruko huo. Mwenye deni la 1,400 akilipa 400 tu, ada ya siku inashuka kutoka 18 hadi 6, na kwa siku kumi ameokoa 120. Hakikisha viwango vya sasa kwenye menyu yako kabla ya kupiga hesabu, lakini njia ni hiyohiyo: lipa kiasi kinachokuvusha ngazi, hata kama humalizi.

Linganisha sasa, bila kuhesabu ushuru. Shilingi 1,000 kwa Fuliza kwa siku 30, ambapo siku tatu za kwanza hazina ada kwa kiasi hicho, ni 10 ya kuingilia na 27 mara 6, jumla 172. M-Shwari, mkopo mwingine wa simu, ni asilimia 7.5, yaani 75, na ukichelewa inatozwa tena. Hustler Fund, mkopo wa serikali, ni asilimia 8 kwa mwaka, kwa hivyo siku 14 ni kama shilingi 3, ila asilimia 5 inabaki kwenye akiba yako, mkononi unapata 950. Kuhamisha deni ghali kwenda rahisi kuna maana ukiifunga Fuliza siku hiyohiyo kupitia *234# baada ya deni kuwa sifuri. Ukiiacha wazi utakuwa na madeni mawili.

Daftari la duka huwa halina riba, kwa hivyo lilipwe la pili, ila usilidharau. Mwenye duka akikunyima siku ya shida, unarudi kwenye simu. Weka daftari lako mwenyewe, andikeni pamoja palepale dukani, na mkubaliane ukomo, mathalani 1,500, kisha kila Ijumaa upeleke chochote.

Kuishiwa ifikapo tarehe 20 kunasababishwa zaidi na ununuzi wa kupimiwa kidogo kidogo. Chukua kile kikombe cha plastiki cha dawa ya watoto, chenye mistari ya mililita, upime mafuta ya shilingi 20 unayouziwa. Tuseme ni mililita 60: lita moja unainunua kwa 333. Sasa soma bei ya chupa ya lita rafuni. Fanya hivyo kwa mafuta, mchele, sukari na sabuni ya unga, na vile vyenye tofauti kubwa uvinunue siku ya mshahara kwanza, kabla ya kitu kingine. Vyenye tofauti ndogo endelea kupima, usifunge pesa bure.

Na vitu vya lipa pole pole: zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza ya kutangulizia. Simu ya 3,000 mwanzo na 60 kila siku kwa mwaka ni 24,900. Ukisikia bei yake taslimu ni 15,000, hiyo 9,900 ndiyo riba, hata kama hakuna aliyeiita riba.

Bi_Mtopanga

Mola awalipe kheri. FundiMajengo, huku kwetu ni mchanga mtupu, udongo wa mfinyanzi sijui niupate wapi. Mchanga wa ufuoni hautashika?

FundiMajengo

Hautashika, na chumvi yake itaila seredani. Tafuta udongo wa kichuguu, au uache udongo kabisa utumie uji wa muhogo. Kwa kilo moja ya vumbi, gramu 60 hadi 80 za unga wa muhogo, upike uji mzito kwenye nusu lita ya maji, uchanganye ungali moto. Madonge ya muhogo huacha majivu machache kuliko ya udongo na huwaka vizuri zaidi, ubaya wake ni kwamba yasipokauka upesi huota ukungu na panya huyapenda. Tengeneza ya siku tatu kwanza, choma moja. Likimeguka kabla halijawaka, uji ulikuwa mwepesi. Likitoa moshi mwingi, bado lina maji.