Mrejesho: Pac-Man yangu imefunguka picha

Wakuu, niliuliza kuhusu mashine ya mchezo wa video wa Pac-Man, ile ya kutumbukiza sarafu, ya mwaka 1980 niliyoinunua kwa mzee mmoja huku Ohio, Marekani: sauti safi, ila kwenye kioo mstari mmoja tu mwembamba, umesimama wima katikati.

Wengi mlisema bodi (saketi inayoendesha mchezo) imekufa. Haijafa. Aliyeitaja monita (skrini yenyewe, ya kioo cha zamani) ndiye aliyepatia. Monita ya Pac-Man imefungwa kwa ubavu, kwa hiyo mstari ule wima, kwa monita yenyewe, ni wa mlalo: sehemu inayotanua picha juu na chini ndiyo ilikuwa imelala. Kwanza nilimwaga chaji ya kioo (jamani, ni maelfu ya volti, na hubaki hata ukishachomoa umeme ukutani), ndipo nikatoa chasisi (bodi ya saketi za monita). Lehemu kwenye plagi ya koili ya shingoni mwa kioo, ile inayotanua picha, zilikuwa na nyufa za duara. Nikalehemu upya, nikabadilisha pia kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji) zilizokauka.

Sasa picha imejaa. Nyekundu bado hafifu, kioo chenyewe kimechoka. Wanaonishauri niweke skrini bapa ya kisasa, asanteni, ila hapana.