Mrejesho: Nimempata msimamizi wa kitaaluma

Ndugu zangu, niliuliza iwapo mwanasaikolojia anayeanza kazi anaweza kusimamiwa kitaaluma, yaani kusaidiwa kutafakari kazi yake na wateja, na mkuu wake wa kazi, nanyi mkanishauri nitafute mtu wa nje, kwa kuwa si rahisi kumfunulia mashaka yako yule anayepima utendaji wako. Nawashukuru sana. Nimempata mama mmoja mzoefu hapa Nairobi, ambaye hupitia nami kumbukumbu za vikao, majina ya wateja yakiwa yamefichwa. Juzi tulikaa muda mrefu kwenye dakika moja tu ambayo mteja alinyamaza, na msimamizi wangu akaniuliza ukimya ule ulinigusa wapi. Taaluma yetu ina sheria yake tangu mwaka 2014, hivyo naona waajiri wangepaswa kugharamia usimamizi huu, ambao kwa sasa naulipia mwenyewe.