Nimehama Lindi kuja Mtwara, leseni ya bastola bado ina anwani ya Lindi, nianzie wapi?

Mhamiaji wa Chuno

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa anayejua maana hili jambo siwezi kuliuliza kijiweni, ukitaja bastola tu kesho mtaa mzima unajua unayo.

Iko hivi. Nilikuwa na duka la jumla Lindi mjini, miaka kadhaa nyuma jirani yangu wa fremu ya pili alivamiwa usiku akakatwa panga mkononi, hapo ndo nikaamua kuomba kumiliki bastola kihalali, nikaanza serikali ya mtaa, polisi wilaya, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya mpaka mkoa, ilichukua muda kweli lakini nikapata. Kitabu cha leseni ninacho na malipo yote niko sawa. Sasa mwezi wa tatu nimehamia Mtwara mjini, niko huku Chuno, mke wangu alipata uhamisho wa kikazi na mimi nikaona nifuate na biashara, kukaa mbali mbali na watoto wadogo haifai. Kitabu bado kinasoma mtaa wa Lindi.

Kilichonifanya nijisahau ni mpwa wangu, yuko Marekani jimbo la North Carolina, naye ana kibali cha kubeba bastola kwa kuificha mwilini, juzi kahama kaunti ya Durham kaenda kaunti ya Wake. Akaniambia anko hilo dogo, mimi nimemwandikia sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, kwamba nimehama, nimemaliza. Na mimi nikasema basi ntaandika barua. Je huku ni hivyo hivyo? Na barua yenyewe naipeleka Lindi au hapa Mtwara?

Kingine, bastola yenyewe sijaja nayo, niliogopa kupanda nayo basi na familia, nimeiacha Lindi kwa kaka yangu, iko kabatini imefungwa na funguo anazo yeye.

Shamba la Mikorosho

Kaka yangu, hilo uliloweka mwisho ndo lilitakiwa liwe la kwanza.

Leseni ni ya mtu, siyo ya nyumba wala ya ukoo. Kaka yako hana leseni, kwaiyo tangu mwezi wa tatu silaha iko mikononi mwa mtu asiye na kibali, na chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015 hapo mnaguswa wote wawili, wewe uliyempa na yeye aliyepokea. Hata kama kabati ni la chuma. Siku wezi wakiingia kwa kaka yako wakaondoka nayo, bastola ikaja kukutwa kwenye tukio huko Mnazi Mmoja, namba yake itasoma jina lako, watakutafuta mtaa wa Lindi hawakukuti, utaonekana umekimbia. Anwani kwenye kitabu kazi yake ndo hiyo, polisi wajue ikilala inalala wapi na wakikutaka wanakupata wapi.

Mimi nilihama Nachingwea kuja Masasi 2019, nina shotigani, niliombea kwa ajili ya nguruwe pori na ngedere shambani. Kosa langu nilianzia Masasi, nikafika kituoni na kitabu changu nikaambiwa mzee huku hatuna faili lako, rudi ulikotoka ukaage kwanza. Nikarudi. Nikaandika barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya kule, jina, namba ya leseni, aina ya silaha na namba yake, nahamia wapi na kwa sababu gani, nikaambatanisha fotokopi ya kitabu na ya kitambulisho cha taifa. Wakaikagua silaha, wakahesabu risasi, wakanipa barua ya kwenda nayo. Masasi nikaanza na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wakanitambulisha kwa maandishi kwamba wananijua na naishi pale, ndo nikarudi kituoni sasa wananisikiliza. Askari alikuja mpaka nyumbani kuona naiweka wapi, na mimi nlikuwa nimeshachimbia sefu ukutani.

Kwaiyo jibu la swali lako, barua ni mbili, ya kwanza Lindi kwa kuaga, ya pili Mtwara kwa kujitambulisha. Usiruke.

Mtu wa Shangani

Mnamtisha bure jamani. Mimi ningemshauri asubiri mpaka wakati wa kulipia leseni ndo abadilishe na anwani hapo hapo, safari moja tu. Kwenda Lindi na kurudi ni hela na biashara unafunga.

Shamba la Mikorosho

Hapana ndugu, hapo sikubaliani na wewe kabisa. Angekuwa nayo nyumbani kwake sefuni ningesema sawa amechelewa tu kuripoti. Lakini iko kwa mtu mwingine. Nauli ya Lindi ni hela ndogo sana ukiilinganisha na kumwona kaka yako ameingia mahabusu kwa ajili ya kitu chako.

Newala Ughaibuni

Salamu kutoka Raleigh, nyumbani kwetu Kitangari. Nimeona North Carolina imetajwa, niweke sawa maana mpwa wako hajakudanganya ila kakueleza nusu.

Huku kibali cha kubeba bastola iliyofichwa anatoa sherifu wa kaunti unayoishi, na sherifu ni mtu wa kuchaguliwa na wananchi kila miaka minne. Jimbo lina kaunti 100, ila ukishapewa na mmoja kibali kinafanya kazi jimbo zima kwa miaka mitano. Ndo maana kuhama Durham kwenda Wake hakukiui kibali. Anachodaiwa ni kumjulisha sherifu aliyekitoa, yaani yule wa Durham, ndani ya siku 30 tangu ahame. Wengi wanakosea hapo wanaenda kwa sherifu mpya. Huyo wa Wake zamu yake inafika wakati wa kuhuisha, maana unahuishia kaunti unayoishi wakati huo. Ukisimamishwa na askari ukiwa umeibeba unatakiwa uwe na kibali na kitambulisho, na umwambie mwenyewe kwamba unayo, usingoje akuulize. Na ukiwa umekunywa pombe usiibebe.

Na hiyo ni North Carolina tu, kila jimbo lina sheria yake, mpwa wako akihamia jimbo lingine aanze kuuliza upya.

Ila tofauti kubwa anko ni hii. Hicho kibali cha huku ni cha kubeba, ni kuhusu mtu na mwili wake, akiwa na bastola tatu kibali ni hicho kimoja. Kitabu chako kimeandikwa silaha moja kwa namba yake. Kwaiyo huku ukihama anahama mtu, huko kwetu ukihama mnahama wawili, wewe na silaha, na wote mnatakiwa mjulikane mlipo. Barua peke yake haitoshi.

Mama wa Chikongola

Nimesoma hapa moyo unadunda. Naomba na mimi niseme maana yametukuta.

Marehemu baba alikuwa na bunduki ya leseni, ya kuwindia, miaka hiyo tuko kijijini. Alipofariki hakuna aliyejua taratibu, kaka zangu wakasema ni urithi wakaiweka darini. Mwaka 2016 ulipotangazwa uhakiki wa silaha nchi nzima tukaogopa kuipeleka, tukasema tutaulizwa ilikuwa wapi miaka yote. Ikakaa. Siku moja mtoto wa mdogo wangu, miaka saba, tukamkuta anaiburuta uani. Haikuwa na risasi ndani, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini sisi hatukujua kama haina, hilo ndo linaniuma, watu wazima wote pale hakuna aliyejua kama ina risasi au haina. Tuliipeleka kipindi cha ule msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, Septemba na Oktoba 2022, tukapokelewa vizuri, tukaandikishwa tukarudi nyumbani. Baadae ndo tukaelewa kwamba silaha ya marehemu hairithiwi kama shamba, inapelekwa polisi, na mtoto anayeitaka anaomba leseni yake mwenyewe.

Kaka, kwa huyo kaka yako hakuna watoto? Hakuna anayejua zinapokaa hizo funguo? Usilale Chuno kesho kabla hujaifuata.

Mhamiaji wa Chuno

Dada yangu umenigusa. Watoto wapo, wanne. Sikuwahi kufikiria hivyo, nilifikiria wezi tu.

Naenda kesho na gari la asubuhi. Swali moja, naichukua kwa kaka naipelekaje kituoni?

Shamba la Mikorosho

Wahi kituoni kwanza mikono mitupu na kitabu chako, mwone mkuu wa kituo, mweleze ukweli wote hata hilo la kaka, kisha fuata watakavyokuelekeza. Inawezekana wakakupa askari muende wote. Kama ni wewe mwenyewe basi toa risasi, risasi zikae kando, kitabu mfukoni, na usipitie popote njiani, nyumba kwa kituo. Omba uiache pale ghalani kwao mpaka Mtwara wawe wamekupokea, na udai hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha na idadi ya risasi. Usiondoke bila hiyo karatasi. Halafu ukirudi Chuno anza na sefu kabla hata hujaenda kwa mtendaji.

Mhamiaji wa Chuno

Wakuu, nimerudi usiku huu, naandika nikiwa nimechoka ila nimeona nisilale bila kuwajibu.

Nilifika Lindi saa nne kasoro. Nilieleza kila kitu. Nilisemwa, na nilistahili, yule afande mkubwa kiumri kaniambia nikushukuru umekuja kwa miguu yako. Tukaenda kwa kaka na askari wawili waliovaa kiraia ili majirani wasishtuke, kabati likafunguliwa. Risasi tulikuta kumi na mbili kama nilivyoziacha. Ila kitambaa nilichoifungia hakikuwa kilivyokuwa, kimekunjwa tofauti, na kaka anaapa hajawahi kuligusa lile kabati. Watoto hatukuwauliza mbele ya askari.

Imebaki kituoni, hati ninayo, barua ya kuaga nimeiacha pale na nimeambiwa nirudi wiki ijayo kuchukua ya kuja nayo huku. Kesho naenda kwa fundi chuma kuulizia sefu, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Kaka nimempigia tena sasa hivi, tumeongea juu ya lile kabati na wanae, hatujamaliza.