Niš, Novi Sad au Belgrade: mwanafunzi wa kujilipia aende wapi?

dada_wa_kibondo

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Naomba mawazo ya wanaoijua Serbia. Mdogo wangu kamaliza form six, PCB (fizikia, kemia na bayolojia), kafaulu vizuri na anataka udaktari, ile kozi ya miaka sita ya Kiingereza. Vyuo anavyovitazama ni Niš, Novi Sad na Belgrade. Hatuna skolashipu, tunaolipa ni mimi na baba. Ada tumeshaiona kwa kila chuo, hiyo tumeielewa, mimi nauliza maisha: kula, kulala, usafiri, baridi. Ajenti anasema twende Niš kwa sababu ndiyo chee, ukimuuliza chee kivipi anasema mji wa kale, umetulia. Sasa utulivu haulipi umeme jamani. Mwenye kujua naomba anifungukie, miaka sita ni mingi na hela ya katikati ikikata hatuna pa kukimbilia.

kijana_wa_nisava

Karibu dada. Mimi nasoma Niš, udaktari hukohuko, kwa hiyo nikuambie ninachokiona.

Kwenye bei ajenti kasema kweli. Garsonjera, yaani chumba kimoja chenye jiko na choo chake, kwa matangazo ya sasa hapa unapata kwa euro 200 hadi 300 kwa mwezi, mkigawana nyumba ya vyumba viwili mnashuka zaidi ya hapo. Novi Sad ongeza kama mia hivi, Belgrade usishangae ukiambiwa mara mbili. Kodi zilipanda nchi nzima tangu 2022 Warusi walipohamia kwa wingi, ila waliishia zaidi Belgrade na Novi Sad, huku kusini mshindo ulifika umepungua nguvu. Euro moja ni kama dinari 117 na haichezi sana, hiyo nayo inasaidia kupiga hesabu ukiwa nyumbani.

Unafuu mwingine ni kwamba mji unatembeleka. Kitivo cha udaktari kiko pamoja na hospitali kubwa ya rufaa, barabara moja na Ćele Kula, ule mnara ambao Waturuki waliujengea mafuvu ya Waserbia baada ya vita vya Čegar mwaka 1809, yalikuwa 952 na yaliyobaki ukutani ni 58. Kutoka hapo mpaka katikati ya mji unatembea kwa miguu bila tabu, mimi basi napanda mvua ikinyesha tu. Na kupumzika ni bure, ngome ya karne ya 18 iko ukingoni mwa mto Nišava na ndani yake ni bustani, wanafunzi tunashinda humo na madaftari kuanzia Aprili. Mji ndiko alikozaliwa Konstantino Mkuu, yule kaisari wa Roma, kule Mediana yapo mabaki ya majumba ya Kirumi, mdogo wako akipenda historia atafurahi.

Chakula sasa. Soko liko nyuma ya ngome, mboga za msimu ni rahisi mno, Septemba watu wananunua pilipili hoho nyekundu kwa magunia, wanazichoma nje ya nyumba wanatengeneza ajvar ya kula majira yote ya baridi, mtaa mzima unanukia. Nunua chupa mbili kwa mama wa jirani, utakula na mkate mpaka Februari. Burek, yaani andazi la tabaka nyembamba lenye nyama au jibini, asubuhi na maziwa mgando unashiba hadi saa nane. Na ugali upo! Wenyeji wanapika kačamak, unga wa mahindi, ni wa njano na wao wanaupika mlaini na kuuchanganya na jibini, ila ukipunguza maji ukasonga kisawasawa unakuja wenyewe. Unga mweupe pia unapatikana ukitafuta.

Sasa pale ajenti aliponyamaza: BARIDI. Nyumba nyingi za bei ya chini ndizo zisizo na joto la bomba kutoka mtambo wa mji. Zile zenye joto la bomba linawashwa katikati ya Oktoba linazimwa katikati ya Aprili, unalilipia lakini unalala vizuri. Zisizo nalo zinatumia TA peć, hili ni kabati la chuma limejaa matofali mazito, linachomwa na umeme usiku wakati umeme ni wa bei nafuu halafu mchana linatoa joto kidogo kidogo. Saa moja jioni matofali yameshapoa, na wewe ndio kwanza umerudi maktaba unataka kukaa kusoma, unaishia kuwasha hita ya umeme wa bei ya juu. Bili ya Januari inaweza kula ule unafuu wote wa kodi. Kwa hiyo ukiona tangazo la euro 150 usikimbilie, uliza kwanza inapashwa joto na nini. Pia Niš iko bondeni na watu wengi wanachoma kuni na makaa ya mawe, Desemba na Januari moshi unakaa juu ya mji, mwenye pumu ajue mapema.

otieno_ns

Niko Novi Sad, naomba niitetee kidogo. Kodi ni juu kuliko Niš, hiyo sikatai. Lakini hapa ni tambarare kabisa, nilinunua baiskeli iliyotumika na ndiyo usafiri wangu wa kila siku, matatu hata siijui. Kampasi kuu iko kando ya Danube, unatoka darasani unaingia ufukweni Štrand, ila mwambie mdogo wako ukweli kwamba udaktari hauko kampasi hiyo, uko upande wa hospitali, kwa hivyo asichukue nyumba karibu na mto akidhani ni karibu na darasa. Belgrade iko karibu sana kwa treni, njia ya mwendo wa kasi ilifunguliwa Machi 2022 na ni kama dakika arobaini hivi, kutoka Niš ni safari ya basi ya muda wa saa tatu kwenda juu, kilomita kama 240.

Halafu kuna jambo hamjaligusa. Tarehe 1 Novemba 2024 paa la nje la stesheni ya treni hapa Novi Sad lilianguka, watu 16 wakafa. Wanafunzi waliingia barabarani nchi nzima, vitivo vikafungwa na wanafunzi wenyewe kwa miezi, Belgrade, Novi Sad, Niš, kote. Mimi nawaheshimu sana kwa msimamo wao, walikuwa wanadai haki za watu waliokufa. Lakini kwa mzazi anayelipa kutoka mbali, muhula ukisukumwa mbele kodi haisukumwi. Kiandikieni kila chuo barua pepe muulize ratiba ya mitihani ikoje sasa hivi, jibu lenyewe litawaonyesha pia ofisi ya wanafunzi wa kigeni inajibu haraka kiasi gani, na hiyo ni habari muhimu sana.

nur_wa_pwani

Assalam aleikum. Kama familia ni Waislamu naongezea hili. Niš kuna msikiti mmoja tu unaofanya kazi, wa Islam-aga, ulichomwa moto Machi 2004 na ukajengwa upya. Belgrade vilevile ni mmoja wa kale, Bajrakli, nao ulichomwa siku hizohizo. Nyama ya nguruwe iko kila mahali, mpaka kwenye vitu usivyovidhania, kwa hiyo jifunze kusoma lebo, na nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kisirili, siyo hizi zetu. Mji wenye raha kwa Muislamu ni Novi Pazar, huko Waislamu ndio wengi, adhana unaisikia, nyama halali haina mjadala na maisha ni rahisi kama Niš au chini yake. Ila udaktari wa Kiingereza huko hamna, kwa hiyo kwa huyu binti haisaidii, nimeitaja kwa wengine wanaosoma hapa wanaotaka masomo mengine na wako tayari kusoma kwa lugha ya wenyeji.

mtaa_wa_zemun

Belgrade jamani msiifute. Kodi ni kubwa, nyumba nzuri karibu na katikati usiiote, lakini tangu 1 Januari 2025 mabasi na tramu za mjini ni bure kwa kila mtu, kwa hiyo unaweza kukaa mbali kidogo, Zemun au Novi Beograd, na nauli ni sifuri. Bado haifuti tofauti na Niš, nikiwa mkweli inaipunguza tu.

Ninachotaka kukusisitizia dada ni skolashipu. Usiseme hamna kabla hamjaomba. Kuna mpango wa serikali ya Serbia unaitwa Svet u Srbiji, ni wa nchi za Jumuiya ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na Tanzania imo. Mkutano wa kwanza wa jumuiya ulifanyika Belgrade hapahapa 1961, Tito mwenyewe, rais wa Yugoslavia ya zamani, alikuja Tanzania 1970 enzi za Mwalimu, uhusiano ni wa zamani. Unalipiwa ada, bweni, milo mitatu ya kantini, bima ya afya na posho kidogo ya mwezi. Sharti lake ni mwaka wa kwanza unasoma Kiserbia halafu masomo yenyewe ni kwa Kiserbia. Ni mzigo, ila ni miaka saba bila kuuza kitu nyumbani.

Na popote atakapokwenda, akifika tu ahakikishe mwenye nyumba anamwandikisha polisi ndani ya saa 24 apate ile karatasi nyeupe, beli karton. Bila hiyo kibali cha kuishi hakisogei. Mwenye nyumba anayekataa kuandikisha, hata nyumba iwe nzuri vipi, ondoka.

kijana_wa_nisava

Namuunga mkono wa Zemun, na hata kwa kozi ya Kiingereza Kiserbia hakikwepeki. Miaka ya mwanzo ni anatomia na kemia, unaenda. Ukiingia wodini unakutana na bibi wa kijijini anakueleza kifua kinavyombana, Kiingereza hajui, na watu wa kusini huku wanaongea tofauti na vitabu. Wenzetu waliosema watajifunza baadaye ndio wanaorudia mitihani, na kila mtihani wa kurudia una malipo yake. Aanze kujifunza sasa hivi akiwa Kibondo.

dada_wa_kibondo

Asanteni sana, mmenifungua macho. Hili la joto ajenti hakuligusa kabisa. Nimeongea na baba usiku huu, tutaomba skolashipu kwanza, na kama haijatoka tunakwenda Niš ila kwa nyumba yenye joto la bomba hata kama ni euro 280. Swali la mwisho, dipoziti ikoje huko? Na barua ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ya kutokuwa na pingamizi tuiombe lini?

kijana_wa_nisava

TCU anzeni mapema, mara tu barua ya chuo ikitoka, msisubiri viza, na muulizeni kabisa Baraza la Madaktari masharti ya kusajiliwa akirudi. Dipoziti kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na mkipitia dalali wa nyumba anachukua chake, mara nyingi nusu ya kodi. Msitume hela yoyote ya nyumba kabla hajafika. Wiki za mwanzo anaweza kufikia hosteli au akalala kwa wenzake, aende mwenyewe akaguse radieta. Aje mwezi wa tisa, mwezi wa kumi nyumba nzuri zimeshachukuliwa. Akikaribia nitumie ujumbe, nitampeleka kuziona.