Mnyama wa karatasi anafumuka akishawekwa mezani: tatizo ni mkunjo au karatasi?

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimekunja karatasi tangu utotoni, nikianza na mashua za kurasa za daftari, na nilipokuja kuijua origami ya Kijapani ukubwani sikuiacha tena. Korongo na chura arukaye huwakunja huku nikizungumza na wageni. Sasa natamani kukunja wanyama wenye miili ya mviringo, kama wale wa Akira Yoshizawa, bingwa wa origami wa Kijapani, ninaowaona pichani, lakini karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inanifanyia jeuri. Mgongo wa tembo hauviringiki bali unafanya pembe, na nikimwacha mezani usiku, asubuhi namkuta miguu imetanuka na masikio yamesimama. Gundi sitaki kuitumia, maana nitakuwa nimehamia fani nyingine. Je, kuna mkunjo nisioujua?

Fundi Kadi:
Shikamoo Mwalimu. Hakuna mkunjo wa siri, ni maji. Yoshizawa ndiye aliyeanzisha mtindo wa kukunja karatasi nene ikiwa na unyevunyevu. Karatasi nyingi hutiwa kiwandani gundi nyepesi ya wanga au jelatini ili zisinyonye wino ovyo. Maji huilegeza gundi hiyo, nyuzi zikakubali kupinda bila kuvunjika, na karatasi ikikauka nyuzi hushikana upya katika umbo ulilozipa. Kwa hiyo gundi unayoikataa imo ndani ya karatasi tayari. Karatasi yako ya gramu 80 ni nyembamba mno kwa kazi hii. Tafuta ya kuchorea kwa rangi za maji, ya gramu 120 hadi 200, isiyo na mng'ao wa plastiki. Ifute pande zote mbili kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, kisha iguse: iwe baridi na laini kama ngozi, lakini isimetamete. Ikimetameta, maji yamezidi na itachanika kwenye kona ya kwanza inayokutana na mikunjo mingi.

Mpenda Jiometri:
Naafikiana na Fundi, ila naongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na ikilowa hutanuka zaidi upande unaokingama nyuzi kuliko upande unaozifuata. Ukikata mraba wako ikiwa kavu kisha ukailowesha, mraba huo si mraba tena, na kila mkunjo unaofuata utakosa kidogo hadi mkonga wa tembo uende upande. Lowesha kwanza, ndipo upime na kukata.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba, na ahsanteni sana. Swali la pili: nimetafuta michoro ya hatua kwa hatua ya tembo niliyemwona pichani nikaikosa, ilhali yasemekana ni Yoshizawa huyo huyo aliyetufundisha kuchora michoro.

Mpenda Jiometri:
Ni kweli, Mwalimu. Mistari ya vipande inayoonyesha mkunjo wa bonde (unaobonyea ndani), ile ya vipande na nukta ya mkunjo wa mlima (unaoinuka nje), pamoja na mishale, ilienea kutokana na kitabu chake cha mwaka 1954, na wakunjaji wa nchi za Magharibi wakaiboresha baadaye. Hata hivyo, inakadiriwa kwamba alibuni maumbo zaidi ya 50,000, na aliyoyachorea hatua ni mia chache tu. Utakalopenda wewe uliyefundisha hesabu ni kwamba alipokuwa kijana kiwandani alikabidhiwa kuwafundisha wafanyakazi wenzake jiometri, akaifundisha kwa kukunja karatasi; baadaye aliacha kazi hiyo na kwa miaka mingi aliishi kwa shida, akichuuza vitoweo nyumba kwa nyumba. Kwa maoni yangu, usiitafute michoro ya tembo huyo. Chukua umbo la msingi la korongo unalolijua, uone ncha zake nne unaweza kuzigawaje kati ya mkonga, miguu na mkia. Masikio ndiyo yatakayokusumbua.

Fundi Kadi:
Na akishakaa sawa, Mwalimu, mfunge miguu kwa utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi wa nyumba, umwache kivulini hadi kesho yake. Usimwanike juani, kwa sababu upande mmoja utawahi kukauka na atapinda shingo. Utepe uubandue taratibu, ukianzia miguu ya nyuma.